Muwasho usioisha: upele kwa anayeishi na VVU, na kwa wenzake wa chumba kimoja

Leo tunazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua tangu shule ya bweni, pale bweni zima lilipokuwa likijikuna usiku kucha. Ni upele. Utasema, upele nao ni ugonjwa wa kuandikiwa makala? Ndiyo, kwa sababu ukimpata mtu ambaye kinga yake imeshuka kutokana na virusi vya UKIMWI (VVU), upele hubadilika sura kabisa. Wakati mwingine haufanani na upele hata kidogo, na ukiachwa unaweza kumfikisha mtu pabaya.

Wahenga walisema upele humwota asiye na kucha. Hapa Johannesburg tunaweza kuongeza kwamba humwota pia asiye na nafasi, anayelala watu sita katika chumba kilichogawanywa kwa mapazia pale Hillbrow, Berea au Yeoville, asiye na mashine ya kufulia, na anayeogopa kwenda kliniki kwa sababu ya hati.

Kama una haraka, shika mambo mawili tu kutoka katika makala hii. La kwanza, upele wa mmoja ni upele wa chumba kizima, na usipotibiwa na wote siku moja hauishi. La pili, unaweza kutibu chumba kizima bila mtu hata mmoja kujua kama una VVU. Mengine yote yanafuata hapa chini.

UPELE NI NINI HASA?

Upele huletwa na kijidudu cha jamii ya utitiri, kidogo mno, ambacho jike lake halifiki hata nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 au 4, na katika wiki mbili hivi kizazi kipya kimekomaa na kuanza kuchimba njia zake.

Muwasho unaousikia ni mwili wako unavyowakataa wadudu hao, mayai yao na kinyesi chao. Kwa mtu anayeupata kwa mara ya kwanza, mwili huchukua wiki 3 hadi 6 kabla ya kuanza kuwasha. Hii ina maana kwamba mwenzako wa kitanda cha pili anaweza kuwa na upele leo, akakuambukiza leo, naye hajajikuna hata mara moja. Aliyewahi kuugua zamani huanza kuwashwa mapema zaidi, ndani ya siku chache tu.

Dalili za upele wa kawaida ni hizi:

- Muwasho mkali unaozidi usiku, hasa ukishapata joto la blanketi.
- Vipele vidogo katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, viwiko, kwapani, kiunoni, kuzunguka kitovu na kwenye makalio.
- Kwa wanaume, vipele kwenye sehemu za siri. Kwa wanawake, kuzunguka chuchu.
- Kwa watoto wachanga, hata kichwani, viganjani na kwenye nyayo.
- Watu wengine wa nyumba hiyo hiyo nao wanajikuna.

Upele hauletwi na uchafu. Unaletwa na ngozi kugusana na ngozi kwa muda: kulala pamoja, kubeba mtoto, kujamiiana. Mtu anayeoga mara tatu kwa siku anaweza kuupata. Shirika la Afya Duniani liliuweka upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, kwa hiyo usidhani ni aibu yako peke yako. Mamilioni ya watu wanao.

KWA MWENYE KINGA NDOGO MAMBO HUBADILIKA

Mtu mwenye afya njema akiwa na upele, mwili mzima huwa na wadudu 10 hadi 15 tu. Kinga yake huwazuia, na kujikuna kwake huwaondoa. Lakini kinga ikishuka sana, hakuna wa kuwazuia. Wadudu huzaana mpaka kufikia maelfu, na wakati mwingine mamilioni, juu ya mwili mmoja.

Hapo ngozi hujaribu kujilinda kwa kuwa nene. Hutokea magamba ya rangi ya kijivu au njano, yanayopasuka na kudondoka kama unga, hasa mikononi, miguuni, viwikoni, magotini, masikioni na kichwani. Kucha huwa nene na kuharibika. Madaktari huuita upele wa Norwei, kwa sababu madaktari wawili wa nchi hiyo, Danielssen na Boeck, waliueleza mwaka 1848 walipouona kwa wagonjwa wa ukoma. Sisi tuuite upele wa magamba.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Upele wa magamba unaweza usiwashe sana. Wengine hauwawashi kabisa! Muwasho huletwa na kinga ya mwili, na kinga ikiwa imelala, muwasho nao hulala. Mtu hujiona ngozi imekauka tu, akapaka mafuta ya mgando, akaendelea na safari zake, huku kila gamba linalodondoka kitandani limejaa wadudu hai. Kwa upele wa kawaida kupeana mkono hakutoshi kuambukizana. Kwa upele wa magamba, kugusana kidogo tu, au kukalia shuka lake, kunatosha.

Hatari nyingine ni nyufa. Kwenye nyufa za magamba bakteria huingia, zikatokea usaha na vidonda, na bakteria hao wakifika kwenye damu mtu anaweza kufa. Hata upele wa kawaida uliokunwa mpaka ukawa vidonda unaweza, kwa njia ya bakteria hao, kuleta ugonjwa wa figo.

Je, kila mwenye upele wa magamba ana VVU? Hapana. Wazee sana, wenye utapiamlo na wanaotumia dawa zinazoshusha kinga nao huupata. Lakini kama wewe ni mtu mzima, umepata upele wa namna hii na hujawahi kupima, kapime. Kipimo ni bure katika kliniki za serikali.

KWA NINI HAPA JOHANNESBURG HUCHELEWA KUJULIKANA?

Kuna sababu tatu, na huenda zote unazijua.

Kwanza ni hali ya hewa. Jiji hili liko juu sana, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti ni kavu. Sisi tuliotoka Tanga, Mombasa au Bujumbura ngozi zetu hupauka na kuwasha. Kwa hiyo mtu akiwashwa husema, "Ni baridi ya Joburg tu hii." Jiulize: je, muwasho unazidi usiku? Je, uko katikati ya vidole? Je, wenzako nao wanajikuna? Baridi haifanyi hivyo.

Pili ni krimu. Mitaani na kwenye baadhi ya saluni zinauzwa krimu za kung'arisha ngozi na za "kuondoa vipele". Nyingi zina dawa za jamii ya steroidi. Ukizipaka kwenye upele, muwasho hupungua na vipele hufifia, ukadhani umepona. Kumbe umeizima kinga ya ngozi, na wadudu wanazaana kwa raha zao. Kwa anayeishi na VVU hii ni hatari maradufu. Kama umetumia krimu yoyote, ichukue uende nayo kliniki, usione haya kuionyesha.

Tatu ni hofu. Hofu ya kufukuzwa chumbani, hofu ya kuulizwa hati, hofu ya watu kusema "huyo keshaungua". Na mficha maradhi, tunajua, kilio humfichua.

SIYO KILA MUWASHO NI UPELE

Anayeishi na VVU anaweza kuwashwa kwa sababu nyingi, na tiba zake hazifanani. Ndiyo maana tunakusihi usijitibu kwa kubahatisha.

Kuna vipele vigumu vinavyowasha sana mikononi na miguuni, na vikipona huacha madoa meusi. Mwaka 2004 watafiti walichapisha uchunguzi waliofanya Uganda kwa watu 102 wanaoishi na VVU wenye vipele vya aina hii. Vipande vya ngozi vilipochunguzwa kwa darubini, 86 kati yao walionekana kuwa na alama za kuumwa na wadudu kama mbu. Yaani mtu huumwa na mbu kama watu wengine, ila mwili wake unapambana kupita kiasi. Dawa kubwa ya vipele hivi ni kinga kupanda kwa kutumia ARV, na kujikinga na wadudu.

Kuna chawa wa kichwani, wa nguo na wa sehemu za siri. Hawa, au mayai yao, ukitazama vizuri utawaona kwenye nywele au kwenye mishono ya nguo.

Kuna tekenya, ambao ndugu zetu wa Kenya huwaita funza. Kama umerudi likizo kijijini, ukapita peku, ukaona kidoti cheusi kinachouma kwenye kidole cha mguu, huyo ni tekenya. Asichokolewe kwa pini au wembe uliotumiwa na mwingine, maana damu hupita hapo.

Kuna fangasi, na kuna pia vipele vinavyoletwa na dawa zenyewe, kwa mfano Septrin. Hivi tutavirudia hapo chini kwenye dalili za hatari.

Jambo jingine: baadhi ya watu huanza kuwashwa au muwasho kuzidi katika wiki au miezi ya kwanza baada ya kuanza ARV. Kinga inaamka na kuanza kupambana na vitu vilivyokuwa vimelala mwilini. Usiache dawa kwa sababu hiyo! Rudi kliniki ueleze.

TIBA: SIKU MOJA, CHUMBA KIZIMA

Upele wa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kupaka. Katika kliniki za serikali inayotumika sana ni dawa ya maji ya benzili benzoeti. Nyingine ni krimu ya pemethrini. Watoto wachanga hupewa mafuta ya salfa. Mama mjamzito au anayenyonyesha amweleze sista kabla ya kupewa dawa. Utafuata maelekezo ya kliniki, lakini mambo yanayokosewa mara nyingi ni haya:

1. Dawa hupakwa mwili mzima, kuanzia shingoni hadi nyayo, siyo panapowasha tu. Paka katikati ya vidole, chini ya kucha, kwapani, kitovuni na sehemu za siri. Mwenye kinga ndogo anaweza kuambiwa apake hata kichwani, usoni na nyuma ya masikio, akikwepa macho na mdomo. Uliza.

2. Kata kucha kabla ya kupaka. Wadudu na mayai hujificha humo.

3. Ukinawa mikono, paka tena mikononi. Dawa iachwe mwilini usiku kucha, au kwa muda ulioambiwa.

4. Rudia kama ulivyoelekezwa, kwa kawaida baada ya wiki moja hivi, ili kuwaua walioanguliwa baadaye.

5. Wote mnaolala chumba kimoja, pamoja na mwenzi wako hata kama anaishi kwingine, mpake siku hiyo hiyo, wawashwe wasiwashwe.

6. Siku hiyo hiyo fueni shuka, taulo na nguo mlizovaa siku tatu zilizopita kwa maji ya moto, kisha anikeni juani na kupiga pasi. Kama maji yamekatika, au ni koti na viatu visivyofulika, fungeni kwenye mfuko wa plastiki siku tatu. Mdudu akikosa ngozi ya binadamu hufa ndani ya siku mbili tatu. Kwa upele wa magamba fungeni wiki nzima, na chumba kifagiliwe na kupanguswa vizuri.

Baada ya tiba muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 ingawa wadudu wamekufa. Usipake dawa kila siku kwa hasira, utaichoma ngozi bure. Lakini ukiona vipele vipya, au mwezi umepita bado unajikuna, rudi.

Upele wa magamba hautoshelezwi na dawa ya kupaka peke yake. Huhitaji pia vidonge vya ivamektini vinavyomezwa kwa siku kadhaa zilizopangwa na daktari, pamoja na dawa ya kulainisha magamba. Mara nyingi mgonjwa hulazwa. Kwa miaka mingi vidonge hivyo havikuwa vimesajiliwa hapa Afrika Kusini kwa matumizi ya binadamu, na madaktari walilazimika kuomba kibali maalumu. Ndipo mwaka 2021, wakati wa Korona, watu wakaanza kununua kwa magendo ivamektini ya ng'ombe na kondoo. Tafadhali usifanye hivyo. Kipimo cha ng'ombe si kipimo chako. Vilevile usipake mafuta ya taa wala dawa ya mende mwilini au kwenye godoro.

Na tiba ya msingi inabaki ARV. Dawa ya upele huwaua wadudu wa leo, lakini ARV ndiyo inayozuia upele usirudi tena kwa sura ya magamba.

UTAWAAMBIAJE WENZAKO?

Hili ndilo swali gumu. Unaogopa kwamba ukitaja upele watauliza mengine. Basi kumbuka kwamba upele humpata mtu yeyote, na tiba yake ni ile ile kwa wote waliomo ndani. Huna haja ya kueleza hali yako. Sema tu hivi: "Jamani, nimekwenda kliniki, sista ameniambia huu ni upele. Amesema tusipopaka dawa wote siku moja, utazunguka humu humu mwaka mzima." Maneno hayo yote ni ya kweli, na hayana VVU ndani yake. Kliniki nayo hairuhusiwi kumweleza mtu mwingine hali yako bila ridhaa yako.

Chagueni siku ambayo wengi hamko kazini, kama Jumapili. Changeni sabuni na nauli. Anayeshika funguo za nyumba naye asikilize: ukimfukuza mwenye upele, hujaufukuza upele. Umebaki nao kwenye magodoro, na umempelekea mwingine huko alikokwenda.

KLINIKI NA SUALA LA HATI

Anza na kliniki ya serikali iliyo karibu nawe, kwa mfano Hillbrow Community Health Centre kwa wakazi wa Hillbrow na Berea. Huduma ya msingi katika kliniki hizi ni bure. Tatizo likiwa kubwa utapewa barua ya kwenda hospitali yenye madaktari wa ngozi, kama Charlotte Maxeke, Helen Joseph au Chris Hani Baragwanath.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Afrika Kusini kinasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya, na kwamba hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Hakikusema kila raia, kimesema kila mtu. Mwaka 2007 Idara ya Afya ya taifa ilitoa waraka kwamba wakimbizi na waomba hifadhi, wenye kibali na wasio nacho, wapewe ARV bila malipo.

Tunajua kwamba katika miaka hii makundi ya watu yamesimama kwenye mageti ya kliniki yakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni. Tarehe 4 Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Gauteng, hapa hapa Johannesburg, iliwakataza Operation Dudula kudai hati kwa watu na kuwazuia wageni kuingia kliniki. Amri ya mahakama haiondoi hofu yote, kwa hiyo nenda na mtu, nenda asubuhi, na ukizuiwa usipigane. Andika tarehe, saa na mahali, kisha tafuta msaada wa kisheria. Lawyers for Human Rights na SECTION27 wote wana ofisi katika jiji hili.

Kama ulikuwa ukichukua dawa katika kliniki ya shirika iliyofungwa baada ya Marekani kukata fedha mwaka 2025, usikae nyumbani dawa zikaisha. Hamia kliniki ya serikali na uende na kadi au chupa ya dawa zako.

Ukifika, kama Kiingereza ni kigumu, mwonyeshe sista katikati ya vidole vyako na utaje neno hili moja: scabies. Ndilo jina la upele hapa. Mweleze pia kwamba mnalala wengi, ili upewe dawa au maelekezo ya wote.

DALILI ZA HATARI: USISUBIRI KESHO

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona moja ya haya:

- Vipele pamoja na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu, au ngozi inayotoa malengelenge na kubabuka, hasa kama umeanza dawa mpya wiki chache zilizopita. Hiyo inaweza kuwa dawa imekukataa.
- Usaha, uvimbe wa moto na maumivu, au homa na kutetemeka kwa mtu mwenye vidonda vya kujikuna.
- Mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya chai, na uso kuvimba, hasa kwa mtoto mwenye upele.
- Magamba manene yanayoenea mwilini, yawashe yasiwashe.

Ndugu msomaji, upele unatibika, hata ule wa magamba. Usiku huu kabla ya kulala, washa taa, tazama katikati ya vidole vyako na vya mwanao. Ukiona vipele, kesho asubuhi nenda kliniki. Na kama kuna ndugu yetu pale maskani amejifungia kwa sababu ya ngozi yake, mgongee mlango, umweleze haya uliyoyasoma, kisha msindikize.